Wasomaji Wanauliza: Nipite Katikati ya Shamba la Mtu?

*Shikamoo Bibi. Mama yangu ana miaka 68 na amekuja kukaa nami hapa Reading, Uingereza, kwa miezi miwili. Ni mtu aliyezoea kutembea, sasa anashinda dirishani. Ningependa kumpeleka kijijini, mahali pazuri pasipo na vilima vikali, maana goti lake moja halikunji vizuri. Mwaka jana nilijaribu kwenda peke yangu. Nikafika kwenye geti la shamba, ramani ya simu inaniambia nipite, macho yangu yanaona ng'ombe na nyumba ya watu. Nikarudi. Je, kweli mtu anaruhusiwa kukatiza shamba la mwenyewe? Na twende wapi?*
*Binti wa Reading*

Marahaba mwanangu, na mama mpe salamu zangu. Nianze na hilo geti, kwa sababu bila kulimaliza hata nikikutajia njia nzuri namna gani utafika na kurudi tena.

Nilipohamia Gloucestershire kufanya kazi ya kutunza wazee, siku zangu za mapumziko nilitembea kando ya barabara ya lami. Kila gari lilipopita nilijibana kwenye nyasi, na nyuma ya ukuta wa mawe kulikuwa na njia ya miguu inayokwenda huko huko. Mwanzoni mwa njia hiyo palikuwa na kibao kinachosema shamba ni mali binafsi. Nilikisoma, nikageuka. Mwaka mzima nilikuwa nageuka. Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja niliyekuwa namwogesha asubuhi. Miguu yake ilikuwa imeshakataa, na kila Jumatatu aliniuliza, "Umepita kwenye kinu cha maji?" Siku nilipomwambia kuhusu kile kibao alikasirika, akaniambia, "Shamba ni lake, njia ni yako. Nenda." Nikaenda.

Na sheria ndivyo inavyosema. Uingereza na Wales zina njia za haki ya umma, yaani njia ambazo kila mtu ana haki ya kuzipita, zinazofikia kama kilomita 225,000, na nyingi zinapita katikati ya mashamba ya watu. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri za kaunti zichore ramani rasmi za njia hizo, na njia iliyomo katika ramani hiyo haifi kwa kukaa bila kupitwa. Hubaki ya umma mpaka ifungwe kwa utaratibu wa kisheria. Mkulima anaruhusiwa kuilima njia inayokatiza shamba lake, lakini lazima airudishe, iwe na upana wa angalau mita moja na ionekane katikati ya mazao. Kwa hiyo ukikuta ngano imesimama pande zote na mstari mwembamba katikati, huo mstari ndio wako. Kibao cha uongo kinachowatisha watu waiache njia ya umma ni kosa. Ukikiona, andikia halmashauri ya kaunti, kwani ndiyo yenye dhamana ya njia. Mimi nimeshawaandikia zaidi ya mara moja.

Utaijuaje? Tafuta mshale kwenye nguzo ya geti. Wa manjano ni njia ya waendao kwa miguu. Wa buluu ni njia ya farasi, na wewe pia unapita. Mkiona mshale wa manjano, piteni bila kuomba radhi kwa mtu yeyote. Jambo moja tu: geti mlilolikuta limefungwa lifungeni, mlilolikuta liko wazi liacheni wazi. Mkulima analiacha wazi kwa sababu, mara nyingi ili mifugo ifike kwenye maji.

Sasa safari yenyewe. Mpeleke mama Bourton-on-the-Water, katika vilima vya Cotswolds. Kutoka Reading kuna treni ya kwenda Moreton-in-Marsh, kwenye reli ile ile inayotoka London Paddington na kupitia Oxford. Pale Moreton mnapanda basi linalopita Stow-on-the-Wold. Ratiba ya Jumapili iangalie mapema sana, kwa maana siku hiyo mabasi ya vijijini ni machache. Nendeni siku ya kazi, mfike asubuhi. Mto Windrush unapita katikati ya Bourton, ni wa kina kifupi, na madaraja yake ya mawe ni ya chini kiasi kwamba mama anaweza kukaa ukingoni akaangalia bata. Ikifika saa tano ya siku ya jua hapatakuwa na pa kukaa, watalii wamejaa.

Kutoka hapo nendeni kwa miguu hadi kijiji cha Lower Slaughter, kilomita mbili na nusu hivi, tambarare. Fuateni njia inayoitwa Warden's Way. Pa kuwa na tahadhari ni pale mnapovuka barabara kubwa ya A429. Barabara hiyo inafuata njia ya Warumi, Fosse Way, iliyotoka Exeter hadi Lincoln, na magari yake yanakimbia. Mkishavuka, mnaingia mashambani, na kelele inabaki nyuma yenu.

Jina lisikutishe. Kweli neno "slaughter" la Kiingereza linamaanisha uchinjaji, lakini jina la kijiji linaaminika kutoka katika neno la kale lenye maana ya mahali pa tope. Mto Eye unapita mbele ya milango ya nyumba, na nyumba zote ni za jiwe la chokaa lenye rangi ya asali. Mwishoni utakuta kinu chenye gurudumu la maji na bomba refu la moshi la matofali mekundu. Unaliona kabla hujafika. Ndicho kinu alichokuwa akiniuliza yule bibi.

Hapo mpime goti. Likiwa limechoka, rudini Bourton: jumla ni kama kilomita tano na hamjakosa kitu. Likiwa bado lina nguvu, kilomita moja na nusu mbele, kupitia malisho ya kondoo, kuna Upper Slaughter. Hakuna duka, na mimi nakipenda kuliko Bourton. Watu wa kijiji hicho waliokwenda Vita Kuu ya Kwanza walirudi wote wakiwa hai, na waliokwenda ya Pili vilevile. Vijiji vya namna hiyo vinahesabika Uingereza nzima, maana karibu kila kijiji kina mnara wenye majina ya vijana wake waliokufa. Hapa kumbukumbu iko kwenye ukumbi wa kijiji, na ni ya waliorudi. Mweleze mama mkiwa mmesimama palepale.

Viatu vyake viwe vyenye soli ya meno, hata kama hakujanyesha. Raba nyepesi huteleza kwenye tope la magetini, ambako kwato zote hukanyaga mahali pamoja.

*Bi, mimi nakaa Swindon na nina mbwa mdogo. Ng'ombe wakinijia nifanye nini? Na fahali je?*
*Baba wa mbwa*

Ndugu yangu, ng'ombe wengi wanakuja kwa udadisi tu, hasa mitamba. Tembea taratibu, usikimbie, usiwape mgongo ghafla. Hatari hasa ni ng'ombe mwenye ndama, na mbwa wako ndiye anayemtia wasiwasi. Usipite kati ya mama na mtoto hata kama njia inapita hapo. Zunguka mbali kisha urudi kwenye njia. Mshike mbwa kwa kamba fupi. Lakini ng'ombe wakikufukuza, mwachie. Yeye ana mbio kuliko wao, na wao wanamtaka yeye. Watu wameumia, wengine wamekufa, kwa kung'ang'ania kamba. Tafadhali lishike hilo.

Fahali wa aina ya maziwa aliyezidi miezi 10 haruhusiwi kuwekwa katika shamba lenye njia ya umma. Wa nyama anaruhusiwa akiwa pamoja na majike, na huyo kwa kawaida ni mpole. Hata hivyo mimi humwachia nafasi yake yote.

*Bibi, simu yangu hupoteza mtandao vijijini. Ninunue ramani gani?*
*Msomaji wa Oxford*

Nunua ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, yenye jalada la rangi ya machungwa, kipimo cha 1:25,000. Kwa vijiji nilivyovitaja ni namba OL45. Njia za miguu zimechorwa kwa vistari vya kijani, na hata kuta za mashamba zimo, kwa hiyo unaweza kuhesabu: ukuta wa kwanza, wa pili, kisha geti. Ile ya jalada la waridi, 1:50,000, iache, haionyeshi kuta hizo. Na ukienda Desemba, panga uwe umeshafika kituo cha basi kabla ya saa kumi jioni, maana jua linazama mapema na huko mashambani hakuna taa.