Kiberiti cha siga kinatoa cheche, hakiwaki

Ndugu, umesema kiberiti chako kinatoa cheche tu tangu ukijaze gesi. Mara nyingi hiyo ni hewa iliyobaki tangini. Kipindue kichwa chini, ubonyeze vali (kitundu cha kujazia gesi) kwa bisibisi ndogo hadi kisitoe sauti tena. Fanyia nje, mbali na moto. Zungusha skrubu ya moto upande wa kupunguza, ndipo ujaze butani, yaani gesi ya viberiti, kiberiti kikiwa bado kimepinduliwa na kopo likiwa juu yake. Subiri dakika tano hivi kabla ya kuwasha, ipate joto, kwa sababu gesi huingia ya baridi. Na tafadhali, acha gesi ya bei ya chee: uchafu wake huziba kitundu cha moto. Ukinunua kingine, chagua chenye kidirisha cha kuonyesha gesi. Ndimi tatu za moto hazina haja, ulimi mmoja unatosha.