Tazama koo la hewa, si mapafu tu

Juzi mwanafunzi wa upigaji eksirei ameniuliza, "Dada, nifanyeje niwe hodari wa kutambua kasoro za moyo na mishipa za kuzaliwa nazo?" Namjibu hapa, maana najua wengi wenu mnalitamani jambo hilo kama mimi.

Naanza na kosa langu. Mama mmoja alivuka feri kutoka Likoni na mwanawe wa miezi saba, pumzi zikilia kama mluzi. Karatasi ilisema pumu. Nikapiga picha ya kifua, nikaona mapafu masafi, nikawaruhusu. Wiki sita baadaye wakarudi. "Akinyonya ndio huzidi," mama akaniambia, "na akilala hutupa kichwa nyuma."

Nikasimama. Mluzi wa pumu husikika zaidi mtoto akitoa pumzi. Huyu alilia hata akivuta. Nikaifungua tena ile picha ya kwanza. Kwa kawaida tao la aota, yaani pindo la mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, huwa kushoto, nalo huacha alama upande huo wa koo la hewa. Hapa koo lilikuwa limebanwa kushoto na kulia. Lilikuwa hivyo tangu siku ile, na mimi sikulitazama! Nikapiga picha ya ubavu: koo limekonda, limepinda kwa mbele.

Nilipompelekea daktari, alinijibu mbele ya wagonjwa, "Kazi yako ni kupiga picha." Miaka minne imepita na neno hilo bado linaniuma. Nikamwendea daktari mwingine wa watoto, akaagiza mtoto anyweshwe bariamu, maji meupe yanayoonekana kwenye eksirei. Umio, njia ya chakula, ulikuwa umebonyezwa kwa nyuma. Skani ya CT yenye dawa ya mishipa ikamaliza ubishi: aota yenye matao mawili, yamelizunguka koo la hewa na umio kama pete kidoleni. Upasuaji wa kuikata pete ya namna hiyo, daktari mpasuaji Robert Gross aliufanya Boston, Marekani, mwaka 1945. Wetu alifanyiwa Nairobi, likakatwa tao dogo. Mwaka huu mamake amenitumia video, mtoto anatafuna mahamri.

Basi ndugu zangu, kila kifua cha mtoto anzeni na koo la hewa. Muulizeni mama, naye ndiye anayekesha na mtoto. Tena muulizeni jinsi anavyokula, si jinsi anavyokohoa tu. Wala msitulie kwa kuwa eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, imesema moyo ni mzima: moyo waweza kuwa mzima kabisa na pete ikawa pale juu, na kipande cha tao kilichoziba hakipitishi damu, kwa hiyo eko hupita bila kukiona. Ukiona kitu, sema. Ukinyamazishwa, sema kwa mwingine. Unyenyekevu wa kumwacha mtoto akose pumzi si unyenyekevu.

Picha ile ya kwanza ninayo, nimeifuta jina. Mwanafunzi akija kwangu, siku ya kwanza namfungulia hiyo, namwambia anieleze anachokiona. Karibu wote huanza na mapafu.