Miche ya nyanya yenye majani ya aina mbili

SWALI: Nilitunza mbegu za nyanya aina ya Brandywine, ambayo jani lake ni pana na halina meno pembeni, kama la kiazi mviringo. Sasa kitaluni baadhi ya miche ina meno kama nyanya za kawaida. Je, ni ugonjwa?
Msomaji, Lushoto

JIBU: Si ugonjwa. Kama mbegu hazikuchanganyika mkononi, miche hiyo ni chotara: ua lilipata chavua ya nyanya nyingine.

Umbo la jani huamuliwa likiwa bado kinundu kwenye ncha ya mche. Hapo jeni za kundi la KNOX huzifanya seli ziendelee kugawanyika bila kuwa kiungo chochote. Homoni ya oksini ikikusanyika pembeni mwa ncha, jeni hizo huzimika mahali hapo na jani huchomoza. Kwenye nyanya huwaka tena ndani ya jani changa, ndiyo maana kikonyo kimoja hubeba vijani (majani madogo) kadhaa. Mwaka 1996 watafiti waliipa nyanya jeni ya KNOX ya mahindi, ikafanya kazi kupita kiasi: kila kijani kikagawanyika tena na tena.

Meno yanahitaji pia jeni iitwayo C. Brandywine ina nakala mbili mbovu za jeni hiyo. Nakala moja nzima hutosha kuyarudisha, na mche wako umeirithi kwa baba.

Usihukumu kwa majani ya mbegu (yale mawili ya kwanza kuchomoza), hayo hufanana. Ngoja jani halisi la tatu au la nne, kisha ng'oa miche yenye meno. Ukiitunzia mbegu, takriban miche 3 kati ya 4 ya kizazi kijacho itakuwa na meno. Mche wa jani pana nao waweza kuwa chotara ikiwa baba alikuwa wa jani hilohilo. Huo utaujua kwenye tunda. Msimu ujao funika shada kwa neti laini kabla maua hayajafunguka, litikise kila asubuhi, na tunda likishika ondoa neti, funga uzi wa alama.

Ugonjwa una sura nyingine. Majani ya juu yakidumaa, yakajikunja kwenda juu na kuwa njano pembeni, shuku virusi vinavyoenezwa na inzi weupe. Yakiwa membamba na yamesokotwa, shuku dawa ya magugu ya 2,4-D, ambayo huiga oksini na kuvuruga jani likiwa bado changa. Masalia kidogo tu kwenye bomba yanatosha, kwa hiyo nyanya ziwe na bomba lake.