Jina la kikoa kwa biashara ya samaki
Dada, umeuliza kama biashara yako ya dagaa na sangara hapo soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ichukue jina la kikoa (yaani anwani ya tovuti yake mtandaoni) lenye maneno manne yaliyounganishwa kwa vistari. Ushauri wangu ni uchague neno moja au mawili ambayo mteja ataweza kuyaandika bila kukosea baada ya kuyasikia mara moja tu kwenye simu, huku wapakiaji wakipaza sauti nyuma yako. Vistari husahaulika. Kwa wateja wa nchini, jina linaloishia na .co.tz, la biashara za Tanzania, linafaa. Lakini nakusihi sana usajili uwe kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi wa tovuti, kwani mimi nilipoteza anwani yangu fundi alipohama na ada ya mwaka haikulipwa.