Mgeni kasoma makala ya Machame, tutamjuaje?

SWALI: Habari za kazi. Nipo kwenye kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, tuko wanne tu, na makala za websaiti naandika mimi: njia za kupanda Kilimanjaro, vitu vya kubeba, tipu za wapagazi. Imeili tunatuma kwa Mailchimp, takwimu naangalia Google Analytics. Sasa bosi anataka mtu akisoma makala ya Machame, imeili ya bei za Machame imfuate yenyewe. Wiki ya pili hii nahangaika, naona watu 300 wamesoma ila sioni ni kina nani. Nakosea wapi?

JIBU: Pole ndugu yangu, wala hujakosea, unamuuliza asiyehusika. Google Analytics inahesabu vichwa, majina haiandiki, na masharti yao yanakataza kabisa kuingiza imeili ya mtu mle ndani. Kwa hiyo lile wazo la kubandika imeili ya mgeni kwenye linki ili ionekane kule (najua limekupitia, hata mimi lilinipitia) achana nalo.

Hao 300 wengi wao hutawajua na wala usiumie. Mtu anakuwa na jina pale tu anapokuachia imeili yake, so kazi yako ni kumpa sababu ya kuiacha. Katikati ya makala, pale unapoeleza kwamba Machame unalala kwenye hema safari nzima tofauti na Marangu yenye vibanda, weka fomu fupi: "Nitumie orodha ya vitu vya kubeba Machame". Jina, imeili, basi, usianze kumuuliza mtu namba ya pasipoti. Fomu uiunganishe na Mailchimp na kila anayejaza apewe tagi (lebo ya kumtambua) ya "machame", halafu tagi hiyo ndo iwashe mtiririko wa imeili zinazojituma zenyewe: orodha inaenda hapo hapo, baada ya siku mbili imeili ya safari ya siku 6 au 7 na kwa nini hiyo siku moja ya ziada inasaidia mwili kuzoea hewa ya juu, bei ije ya tatu. Najua bosi anataka bei itangulie, mwambie asubiri kidogo.

Kitu kingine, usiwashe chochote kwa sababu eti mtu "kafungua" imeili. Tangu Septemba 2021 Apple walivyoleta iOS 15 (mfumo wa iPhone), programu yao ya imeili, Mail, ikiwashiwa ule ulinzi wa faragha inapakua picha yenyewe, na ile picha ndogo iliyofichwa, inayoiambia Mailchimp kwamba imeili imefunguliwa, inapakuliwa humo humo, kwa hiyo unaona kafungua kumbe simu iko mfukoni. Mtu kubonyeza linki kuna nguvu zaidi, ingawa nao kuna maofisi ambayo mitambo yao ya usalama inabonyeza linki zote kabla mwenyewe hajaiona imeili. Mtu akibonyeza mara moja usimpigie simu. Akibonyeza leo, kesho akajaza fomu, huyo mpigie.

Na usisahau mlango wa kutokea! Niliwahi kumtengenezea mtu mtiririko kama huu nikasahau kuwatoa waliokwishalipa, mgeni katuma advansi Jumatatu, Jumatano anapata imeili inamuuliza "Bado unafikiria?", akajibu kwa mstari mmoja tu: hela yangu imefika kweli? Nilijibu mwenyewe, kwa aibu. Kwa hiyo weka tagi ya "kalipa" na kila aliye nayo atoke, na kwa vile wengi wanamalizana nanyi WhatsApp, mmoja wenu awe anaiweka kwa mkono kila jioni, hakuna automesheni itakayowasaidia hapo.

Chini ya fomu andika wazi kwamba mtamtumia na imeili za safari, na akichoka anajitoa. Sheria yetu ya taarifa binafsi ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kama mnawauzia wageni wa Ujerumani ujue ya kwao ya Ulaya iko kazini tangu 2018.

Anza na Machame peke yake mwezi mzima, Lemosho na Marangu zisubiri. Fomu ikigoma niandikie tena, ila safari hii niambie websaiti yenu imejengwa kwa kutumia nini.