Si dawa ya kuongeza kinga: mambo ya kujua kabla ya imunotherapi

Tangu mjomba aanze imunotherapi, yaani tiba inayoitumia kinga ya mwili, kwa saratani ya mapafu, swali ninaloulizwa zaidi hapa Moshi, kanisani na hata sokoni Mbuyuni, ni hili: "Hiyo dawa ya kuongeza kinga inauzwa duka gani?" Anayeuliza mara nyingi ameshabeba unga wa mlonge kwenye mfuko. Mlonge ni mboga nzuri, na mjomba anaula. Lakini imunotherapi anayopewa haiongezi kinga.

Kinga ya mjomba ilikuwepo tangu mwanzo, ila ilikuwa imekanyagiwa breki. Kati ya chembe nyeupe za damu zipo ziitwazo seli T, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoharibika. Mwili umeziwekea breki ili zisije zikaushambulia mwili wenyewe, na breki mojawapo inaitwa PD-1. Saratani nyingine ni janja: seli T ikifika, saratani inaikanyaga breki hiyo, na seli T inasimama. Dawa kama pembrolizumab na nivolumab zinazuia breki isikanyagwe, seli T inaendelea na kazi. Basi. Unga, juisi au kidonge cha "kusafisha damu" hakifanyi hivyo, hata muuzaji aape.

James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kazi yao juu ya breki hizo. Dawa ya kwanza ya kundi hili, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani Machi 2011, wakati huku kwetu foleni ya magari ilikuwa inaelekea Loliondo kufuata kikombe cha dawa ya Babu. Na kuitumia kinga dhidi ya saratani kulikuwepo hata kabla ya hapo: BCG, chanjo ile ya kifua kikuu iliyotuachia wengi kovu begani, hutiwa ndani ya kibofu cha mkojo kutibu baadhi ya saratani za kibofu zilizo katika hatua ya mwanzo.

Mjomba anawekewa dripu ya kama nusu saa, kila baada ya wiki tatu, kisha anarudi nyumbani Machame. Nywele hazikunyonyoka, kwa sababu hii si kemo (kemotherapi) inayopiga seli zote zinazogawanyika haraka. Majirani wakaamua kwamba hatibiwi kweli. (Kuna wagonjwa wanaopewa vyote viwili kwa pamoja, hao nywele zinaweza kutoka.)

Hapa ndipo naomba usome taratibu. Breki ikiachiwa, kinga inaweza kugeukia viungo visivyo na ugonjwa: utumbo, mapafu, ini, ngozi, tezi ya shingo, hata kongosho. Kwetu mtu akiharisha anakwenda duka la dawa, anapewa Flagyl. Akikohoa, anapewa antibayotiki. Akichoka, anapima malaria. Mgonjwa wa imunotherapi asiishie hapo. Kuharisha kwake huenda hakuna mdudu wowote, ni utumbo unaoshambuliwa na kinga yake mwenyewe, na tiba yake mara nyingi ni steroidi (dawa za kutuliza kinga) kama prednisolone, kwa kipimo anachopanga daktari. Usijinunulie, na ukishaanza usiache ghafla. Kikohozi kipya, pumzi kubana, macho kuwa ya njano, vipele vinavyosambaa, kiu na kukojoa kupita kawaida: piga simu kliniki siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya dripu. Haya yanaweza kutokea hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho.

Sisi tuliandika jina la dawa kwenye karatasi, tukaiweka pamoja na kadi ya bima. Zahanati ya kijijini wanaweza wasiwe wamewahi kuiona dawa hiyo, na mgonjwa aliyezidiwa usiku hawezi kulitamka jina lake.

Jambo jingine, picha ya kwanza baada ya kuanza dawa inaweza kuonyesha uvimbe umekua kwa sababu seli za kinga zimejaa ndani yake. Hutokea kwa wachache tu, na mara nyingi uvimbe uliokua umekua kweli. Mwachie daktari wa saratani aamue.

Dawa hii haimfai kila mtu, na hata kati ya wanaofaa, wengi haiwasaidii. Bei yake nayo ni kubwa sana. Kwa hiyo kabla ukoo haujakaa kikao cha kuuza kipande cha kihamba (shamba la ukoo), mwende kwa daktari wa saratani, hospitali ya KCMC au popote mnapotibiwa, mmuulize: kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kimepimwa PD-L1 (protini ambayo saratani huitumia kukanyaga breki ya PD-1) au alama nyingine inayoonyesha kama dawa inaweza kusaidia? Kwa saratani hii na hatua hii, lengo ni kupona au kuongeza muda? Bima inalipa nini, na dripu ngapi zitatoka mfukoni? Tukiona haisaidii, tutaacha lini? Na usiku akizidiwa, tunapiga namba ipi?