Michirizi iliyonirudishia milango 60

Ijumaa iliyopita nimekabidhi milango 40 ya makabati ya chuma. Afisa manunuzi alipitisha kiganja kwenye kila mmoja, akainama kuutazama kwa upande kwenye mwanga wa dirisha, akasaini. Hakurudisha hata mmoja. Wakuu, nilienda nyuma ya kirikuu nikacheka peke yangu, maana miaka 3 iliyopita milango kama hiyohiyo ilinitoa machozi.

Najua wengi mnaosoma hapa mmechoka na mageti na madirisha, mnataka kuingia kwenye kazi za presi, yaani kubonyeza shiti kwa mashine. Sikilizeni basi.

Wakati ule nilipata oda ya milango 60. Nikanunua shiti za chuma laini, geji 20, kwa bei ya kutupa. Zilikuwa zimelala ghalani kwa muuzaji tangu mwaka uliotangulia. Mlango wenyewe una mbonyeo mpana katikati, kina chake hata unene wa kidole hakifiki. Wa kwanza ukatoka na michirizi: ndimindimi kama za moto, zimelala mshazari, kidole hakizihisi sawasawa ila jicho linaziona. Nikasema kalibu ni chafu, tukaipiga msasa usiku kucha. Nikamgombeza kijana wangu kwamba kabania mafuta. (Kosa halikuwa lake, na sijamwomba radhi ipasavyo. Ukisoma hapa, mdogo wangu, nisamehe.) Tukapaka pati, tukapiga rangi, na mng'ao wa rangi ndio ukaanika kila kitu. Yote 60 ikarudi. "Kazi za mtaani hizi," alisema mteja mbele ya vijana wangu. Neno hilo sijalimeza mpaka leo.

Kilichonivuruga akili ni kwamba shiti zilezile tulizivutia mabakuli ya kina, yakatoka safi kabisa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mstaafu wa kiwandani. Alikata kipande chembamba cha shiti ile, akakisugua kwa msasa laini mpaka kikang'aa, tukaenda kukivuta kwenye mashine ya chuo. Nilidhani kitavutika chote kwa pamoja, kama mpira wa manati. Wapi! Sindano ya mashine, ile inayoonyesha nguvu ya kuvuta, ilipanda, ikaanguka ghafla, ikabaki inatetemeka palepale. Karibu na taya ya juu ukatokea mstari wa mshazari, na juu yake chuma kimepoteza mng'ao. Mstari ukaanza kushuka. Chini yake chuma bado kinang'aa, hakina habari. Ulipofika taya ya chini ndipo sindano ikapanda tena. Baadaye sana kikafanya shingo, yaani kikakonda sehemu moja, kikakatika hapohapo kwenye shingo.

"Huyo anayetembea ndiye shetani wako," akasema mzee. Mtafiti Piobert alimwona mwaka 1842, mwenzake Lüders akamweleza mwaka 1860, na ndiyo maana mstari huo unaitwa mkanda wa Lüders. Sababu wakaitoa watafiti Cottrell na Bilby mwaka 1949. Chuma hupindika kwa kusogea kwa dislokesheni, yaani kasoro za mpangilio wa atomi zake, na atomi za kaboni na naitrojeni huzing'ang'ania zisisogee. Fikiria mchezo wa kuvuta kamba, kila mtu kazika miguu mchangani. Mmoja akichomoka, uzito unamwangukia jirani, naye anachomoka, hivyohivyo mpaka mwisho wa mstari. Palipokwisha kuvutika panakuwa pagumu, panatulia, na zamu inahamia kwa jirani. Shingo haihami: pale chuma kinakonda upesi kuliko kinavyoongeza ugumu, kwa hiyo mzigo unazidi kukielemea palepale.

Sasa rudi kwenye milango yangu. Mkanda ukipita huacha chuma kimerefuka kwa asilimia chache tu. Bakuli la kina linavuka kiwango hicho mbali, mikanda inaenea kote, alama zinapotea. Mbonyeo mfupi unaishia njiani: hapa umepita, hapa bado, na mpaka wake ndiyo michirizi. Kiwandani hilo wanalijua, ndiyo maana shiti hupitishwa kwenye rola mara ya mwisho, mbano wa asilimia 1 hivi, ili dislokesheni zichomoke mapema. Lakini shiti ikikaa, kaboni na naitrojeni zinarudi taratibu kuzishika, na joto linaziharakisha. Ghala la mabati Dar es Salaam, mwezi Januari, ulitegemea nini?

Ushauri wangu: nunua shiti mpya. Uliza imetoka kiwandani lini. Usiilimbikize stoo ukingoja tenda. Bonyeza mlango mmoja, upige rangi ya kung'aa, uutazame kwa upande kabla hujagusa wa pili. Ikiwa shiti imezeeka, ipitishe kwenye rola za kunyooshea, ipindwe huku na huku, kisha uibonyeze siku hiyohiyo. Na nunua mpya, narudia, maana vijana tunapenda bei ya kutupa halafu tunalalamika kwamba wateja hawatuheshimu. Kama swali moja la tarehe linakushinda kumuuliza muuzaji, hiyo tenda kubwa unaitakia nini? Akikuzungusha, ondoka, hata kama kirikuu umeshakikodi na kinakungoja nje.